Fundi Sikujua na Kompyuta Iliyorudi Kiwandani

Mbuke alimzaa mwanawe wa mwisho akiwa na miaka arobaini na mitatu, wakati nguo zote za watoto alikwisha kuzigawa kwa wakaza wanawe. Wanawake wenzake wa Kolandoto walipomuuliza imekuwaje, alijibu neno moja tu: "Sikujua." Mtoto akabatizwa hivyohivyo. Wangemwita Shida au Masumbuko pengine jina lingemkaa vizuri zaidi, maana Sikujua Makoye alikua akawa mtu ambaye tangu apate akili hakupata kukiri mbele ya binadamu yeyote kwamba kuna jambo asilolijua.

Umeme alijifunza kwa kumshikia tochi mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akitengeneza jenereta. Tochi aliishika miaka miwili. Mzungu aliporudi kwao, Sikujua akashuka Shinyanga mjini na kisanduku cha bisibisi, akapata kibaraza karibu na soko, akaandika kwenye bati kwa rangi nyekundu: FUNDI REDIO. Hiyo ilikuwa mwaka sabini na nne.

Tusimwonee, redio alizijua. Redio iliyonyeshewa shambani, iliyoingia mende, iliyokanyagwa na ndama, aliweza kuifufua, na mwenyewe akarudi nayo kijijini ikiimba kwenye baiskeli. Ubaya ulikuwa kwamba hakuweza kukataa kazi. Kukataa kazi ni kusema hujui. Aliletewa saa ya ukutani, akaipokea. Aliletewa jokofu la mafuta ya taa, akalipokea. Redio ya mchungaji mmoja ilitoka kwake ikikamata stesheni mbili kwa pamoja, mahubiri na mpira, naye akamweleza mchungaji kwamba sasa imekuwa na nguvu zaidi. Televisheni ya mwalimu mkuu ilitoka ikionyesha watu vichwa chini. Sikujua alimwambia tatizo liko kwa wanaorusha matangazo, avumilie, wataligeuza. Mwalimu mkuu alivumilia wiki nzima kabla ya kuigeuza televisheni yenyewe.

Watu husema kuuliza si ujinga. Sikujua aliona ni ujinga mtupu, tena wa hadharani. Kwa hiyo alibuni namna yake ya kuuliza bila kuuliza: aliwapima watu. Akikwama, alikwenda kwa mtu mwenye ujuzi, akasimama mbele yake kama mwalimu wa zamu, akasema, "Hebu nikupime." Kisha anauliza lile lililomshinda. Mtu akijibu, Sikujua anatikisa kichwa polepole na kusema, "Umepata," halafu anarudi kibarazani kwake haraka kabla jibu halijamtoka kichwani.

Mwaka tisini na nane alikuwa amepita hamsini, ana mvi masikioni na heshima mjini, na hakuna aliyemwita kwa jina bila kutanguliza Fundi. Ndipo Boaz alipomtumia gari.

Boaz alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa. Miaka sita shimo hilo lilikuwa likitoa mawe na matusi, mwaka wa saba likatema. Akajenga nyumba mtaa wa Ngokolo, hapohapo Shinyanga, yenye nguzo nne mbele ambazo hazikubeba kitu chochote. Akanunua pikapu, seti ya makochi, kabati la vioo, na kompyuta ya mezani, kwa sababu aliwahi kuiona moja katika ofisi ya mzungu wa utafiti wa madini huko Geita na akaona jinsi watu walivyoingia mle wakinong'ona. Kompyuta iliwekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mgeni akija, ilifunuliwa kidogo kidogo kama bibi harusi.

Mkewe alikuwa Melania, ambaye watu walimwita Mama Nelly kwa jina la binti yao. Alisomea uhazili, akafanya kazi ya kuchapa katika ofisi moja ya serikali mpaka alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kompyuta aliigusa hukohuko ofisini, zile za zamani ambazo unaziamrisha kwa kuandika maneno. Sasa alitumia hii ya nyumbani kuwachapia majirani barua za maombi ya kazi, na katiba ya kikundi chao cha akina mama, na nyimbo za kwaya. Boaz alipenda kuwaeleza wageni, "Mke wangu anaichapa. Mimi ndiye ninayeiendesha." Alichokuwa akikiendesha ni mchezo wa karata.

Na kitu kingine kimoja. Boaz alikuwa na pesa, nyumba na gari; alichokosa ni babu. Babu yake wa kweli alichunga ng'ombe za watu huko Runzewe mpaka akafa, na hakuacha kitu zaidi ya fimbo. Boaz aliona mtu mwenye nguzo nne hawezi kuwa na babu wa namna hiyo. Mwezi mzima, kila alasiri, alikaa kwenye kochi na kumtamkia mkewe historia ya ukoo, na Melania akaichapa. Katika historia hiyo babu alikuwa ntemi. Alitawala miaka thelathini, aliita mvua, na Wajerumani walimwogopa. Zilifika kurasa thelathini na moja. Zilikuwa zichapishwe kwenye karatasi na kugawiwa wageni siku ya kubariki nyumba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, mtu fulani kilabuni alimwambia Boaz kwamba kompyuta ikijaa vitu inakuwa nzito kama tumbo. Boaz akarudi nyumbani akaamua kuisafisha. Alifuta kila alichokuwa hakifahamu, na alikuwa hafahamu mengi. Aliacha karata, kitabu chake na barua za mkewe. Kesho yake alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe juu, basi.

"Baba Nelly," Melania alimwambia, "kuna kijitabu kilikuja nayo. Ngoja nikisome."

"Kitabu ni cha wasomaji," Boaz alisema. "Hii inataka fundi."

Sikujua aliingia sebuleni Jumatatu asubuhi na kisanduku chake, akakuta kitambaa kimeondolewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikaribia kompyuta. Hakujua hata inawashiwa wapi, lakini uso wake ulikuwa umezoea kazi hiyo na haukuonyesha kitu.

"Shikamoo, fundi," Melania alisema.

"Marahaba, Mama Nelly." Aliizunguka mashine mara mbili. Akainama akainusa kwa nyuma. Akagonga kioo kwa kidole cha kati kama anayechagua tikiti. Kisha akanyooka akamtazama Boaz. "Imekula umeme mbichi."

"Umeme mbichi?" Boaz aliuliza kwa hofu.

"Ule ambao haujapita kwenye stabilaiza."

"Stabilaiza ndiyo hiyo hapo chini, fundi," Melania alisema. "Na imeunganishwa."

Sikujua aliitazama. "Basi umepita haraka," alisema.

Boaz akatikisa kichwa kwa kuelewa. Melania akasogea kwenye kioo na kusoma ule mstari. "Inasema kuna faili halipo. La kuiamshia mashine."

"Ndiyo," Sikujua alisema. "Nilikuwa naangalia kama utaliona."

Alifungua sanduku la mashine, akapuliza vumbi, akachomoa nyaya na kuzirudisha. Akapasha moto kifaa chake cha kulehemu, akakiweka pembeni bila kukigusisha popote, kwa sababu hakuona mahali panapoomba. Saa saba aliletewa wali na kuku. Akafunga sanduku, ikabaki skrubu moja mkononi, akaitia mfukoni. Aliiwasha. Mstari ulikuwa palepale.

"Sasa imeanza kusikia," alimwambia Boaz. "Tuiache ipumzike mpaka kesho."

Kesho yake ilikuwa vilevile, isipokuwa kuku alibadilishwa akawa samaki, na skrubu mfukoni zikawa mbili. Jioni ile, akipita sokoni kwa miguu, watu walimsalimia kwa heshima ya kupita kiasi. Habari kwamba Fundi Sikujua anatengeneza kompyuta kwa Boaz zilikuwa zimefika kibarazani kabla yake. Alitamani mtu mmoja amwambie kwamba kompyuta ni kazi ngumu, ili naye ashushe pumzi. Hakuna aliyesema. Wote walimwambia, "Wewe tena, fundi."

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Tanvir. Tanvir alikuwa na duka la vipuri vya redio mtaa wa pili. Alizaliwa hapohapo Shinyanga, baba yake pia, na Kisukuma alikijua kuliko nusu ya wateja wake.

"Mwangaluka, fundi," Tanvir alisema, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Mwangaluka. Tanvir, hebu nikupime. Kompyuta inawaka, lakini inasema faili halipo. Utafanyaje?"

Tanvir aliteremsha miwani akamwangalia vizuri. Alikuwa amepimwa na mtu huyu miaka ishirini. "Mimi nauza transista," alisema. "Lakini mpwa wangu Imran, yuko Mwanza, anayo kompyuta. Ikimshinda anairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kuna sidii inakuja nayo, na diski moja ya kuianzishia. Unaweka, inajijenga upya yenyewe."

"Umepata," Sikujua alisema, na jasho likamkauka mgongoni. "Umepata nusu. Na baada ya sidii?"

"Baada ya hapo sijui."

Tanvir alilisema neno hilo kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Sikujua alisimama akimtazama kidogo, akashangaa kwamba duka halikuanguka, na kwamba mteja aliyekuwa akisubiri betri hakugeuka hata kumtazama mwenye duka.

"Ila, fundi, ujue kitu kimoja," Tanvir alianza, "Imran huwa kwanza ana..."

Lakini Sikujua alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Nyumbani kwa Boaz aliingia kwa hatua ndefu na kutangaza kwamba uchunguzi umekamilika. Mashine itarudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Inatakiwa diski ya kuianzishia na sidii yake.

"Diski hii hapa," Melania alisema. Kijitabu kilikuwa wazi mapajani mwake, na kilionekana kimefunuliwa zaidi ya mara moja. "Sidii iko kwenye gari."

Ilikuwa kwenye gari kweli. Siku kompyuta ilipofika, Boaz aliona kisahani kinang'aa, akakitundika kwa utepe mwekundu kwenye kioo cha dereva, na tangu hapo kilikuwa kinazunguka na kumetameta njia nzima hadi Rwamgasa na kurudi. Alikwenda kukitungua mwenyewe akiwa amenuna. Kilikuwa na ukoko wa vumbi jekundu. Melania alikiosha kwa maji na sabuni na kukikausha kwa upindo wa khanga.

Kisha alifanya jambo ambalo Sikujua hakulipenda. Aliketi mbele ya mashine, akaingiza diski ya kuanzishia, akaiwasha, na ule mstari haukuja. Yalikuja maandishi mengine, machache, na alama inayopepesa. Melania akaandika maneno mafupi mafupi bila kutazama vidole. Mashine ikanguruma.

"Unafanya nini?" Boaz aliuliza.

"Vitu vyangu bado vimo ndani. Natoa nakala niweke pembeni kabla haijasafishwa. Huko ofisini tulifanya hivihivi." Alichomoa diski moja iliyojaa, akaingiza ya pili. Ilipojaa hiyo nayo, akainua ya tatu. "Hii ni tupu. Ngoja niweke na kitabu chako cha ukoo."

Sikujua aliona kitu kinamponyoka. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti, yeye fundi amesimama ukutani ameshika bisibisi. Dakika tano zaidi za hivi, na Boaz angeanza kujiuliza wale kuku walikuwa wa nini.

"Haina haja," alisema.

Melania aligeuka. "Haina haja?"

"Kurudisha ni kurudisha. Kilichomo kinarudi mahali pake. Ukianza kuchomoachomoa, unaichanganya."

"Fundi anasema haina haja," Boaz alisema. "Ondoka kwenye kiti, Mama Nelly, mwenye kazi akae."

Melania aliinuka. Sikujua akaketi, akaingiza sidii upande uliokuwa na picha ukiwa chini, Melania akamgeuzia. Mashine ikasoma, na katikati ya kioo likatokea boksi jekundu lenye maandishi. Boaz alimtazama fundi, fundi alitazama boksi.

"Inasema hivi," Melania alisema kutoka nyuma yao. "Vyote vilivyomo ndani ya mashine hii vitafutika kabisa na haviwezi kurudishwa. Inauliza tuendelee au tusiendelee." Akamgeukia Sikujua. "Fundi, una uhakika?"

Hapo Sikujua alisikia neno limempanda mpaka kwenye meno. Lilikuwa neno fupi. Tanvir alilisema asubuhi ileile na mbingu hazikuanguka. Alifumbua mdomo. Lakini Boaz alikuwa anamtazama, macho ya mtu aliyetuma gari, na nje dirishani majirani wawili walikuwa wamesimama kuona kompyuta inavyotengenezwa.

"Mia kwa mia," alisema. "Hayo wanayaandika kuogofya watu. Kama yale ya kwenye pakiti za sigara, na mbona wazee wanavuta na wanazeeka."

Majirani walicheka. Boaz alicheka zaidi. Melania hakuuliza mara ya tatu.

"Herufi ya ndiyo ni ipi?" Boaz aliuliza. Alitaka kubonyeza mwenyewe, kwa sababu mashine ni yake. Melania alimwonyesha. Boaz aliibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayetia sahihi mkataba wa ardhi.

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Mstari wa bluu ulikuwa unarefuka polepole kwenye kioo, nao wakanywa chai na mihogo ya kukaanga. Kisha mashine ikazima, ikawaka, ikapiga muziki wake, na kioo kikafunguka kijani safi kama siku ilipotoka kwenye boksi. Hata rangi ambazo Boaz aliziharibu mwaka uliopita zilikuwa zimerudi. Boaz alimkumbatia Sikujua mbele ya dirisha.

"Huyu si fundi," aliwaambia majirani. "Huyu ni injinia."

Injinia alipewa kuku mzima, hai, amefungwa miguu. Alikuwa amekwisha kumweka kwapani na kushika kisanduku chake wakati Boaz alipoketi kufungua kitabu cha ukoo. Boaz alitafuta. Akatafuta tena. Karata zilikuwepo.

"Mama Nelly," aliita. "Kitabu kiko wapi?"

"Kimefutika."

Boaz aligeuka na kiti chake kizima. Majirani dirishani waliacha kutafuna. Kuku akalia mara moja kwapani mwa Sikujua.

"Hakijafutika," Sikujua alisema. Alijisikia akisema, kama mtu anayesikiliza redio chumba cha pili. "Mashine imerudi kama ilivyotoka kiwandani, sivyo? Na kitabu kilikuwa ndani ya mashine. Basi kitabu kimerudi kiwandani."

Boaz aliwaza. "Wanacho wao?"

"Watakuwa nacho."

"Na wanaweza kukirudisha?"

"Wakiombwa kwa adabu," Sikujua alisema.

Barua iliandikwa papo hapo. Boaz aliitamka akiwa amesimama, mikono nyuma: kwa Mkurugenzi wa Kiwanda, Taiwani, kama ilivyoandikwa nyuma ya mashine, salamu nyingi kutoka Shinyanga, na baada ya salamu anaomba arudishiwe historia ya marehemu babu yake, Ntemi, kurasa thelathini na moja, iliyofika huko kwa bahati mbaya siku ya Jumatano. Wakishindwa yote, watume hata sura ya mvua. Melania aliiweka kwa Kiingereza, akaichapa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua, aliyekuwa nyuma yake, alidhani analia, na moyo ukamuuma.

Ikafika Ijumaa. Sherehe ilikuwa kesho yake, na hata yeye alijua kwamba barua ya Taiwani haiwezi kwenda na kurudi kwa siku tatu. Alisubiri pikapu ya Boaz ipite sokoni ikiwa na mbuzi wawili wa kuongezea, akafunga kibaraza, akaenda Ngokolo. Melania alikuwa upenuni anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, fundi. Baba Nelly hayupo."

"Marahaba. Nimekuja kwako." Alibaki amesimama. "Mama Nelly, hebu nikupime. Mtu akiwa ameirudisha mashine kiwandani, na kuna kitu..."

"Leo sipimwi," Melania alisema, akaendelea kuchambua. "Ukiniuliza nitakujibu. Ukinipima, sina jibu."

Sikujua aliangalia nguzo. Akavua kofia. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo hakupata kulifanya nyumbani kwa mtu.

"Sikujua," alisema.

"Jina lako nalifahamu, fundi."

"Sio jina. Nasema, sikujua kama itafuta. Wala ile mashine yenyewe siijui. Hata umeme mbichi hakuna."

Melania aliweka ungo chini. Hakucheka, na Sikujua alishukuru kwa hilo.

"Ile diski ya tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Pengine uliweka. Uliweka bila kutuambia."

"Sikuweka."

"Uliniuliza mara mbili. Kwa nini hukuuliza mara ya tatu?"

"Kurasa thelathini na moja za ntemi wa Runzewe nilizichapa kwa vidole hivi," Melania alisema. "Babu wa mume wangu namfahamu, mama mkwe alinisimulia, alikuwa mchungaji mzuri wa ng'ombe. Wewe ungeuliza mara ya tatu?"

Basi ndivyo Sikujua alivyolitoa neno alilolificha miaka hamsini, na hakupata kitu chochote badala yake. Aliondoka ameinamisha kichwa. Mlangoni Melania alimwita, akampa kile kijitabu cha mashine. "Kisome," alisema. "Usipoelewa mahali, njoo uulize. Uulize, fundi."

Jumamosi Boaz alisimama mbele ya wageni bila karatasi. Alianza na ntemi, akampa miaka thelathini ya utawala, kisha miaka hamsini, kisha akasahau Wajerumani waliingilia wapi. Shangazi yake mzee kutoka Runzewe, aliyedhani kijana amekwama kwa haya, aliinuka kumsaidia. Akawaeleza watu kwa Kisukuma, kwa mapenzi makubwa, kuhusu baba yake mzazi, yule babu wa kweli wa Boaz, aliyechunga ng'ombe za wenzake miaka arobaini asipoteze hata ndama, na jinsi wenye ng'ombe walivyolia siku ya maziko yake kuliko ndugu. Wageni walipiga makofi kuliko walivyopiga kwa padri. Boaz alikaa chini anatiririka jasho. Baadaye alizunguka meza kwa meza akieleza kwamba huyo alikuwa babu mwingine, wa upande wa mama.

Miezi minne ikapita, jibu likaja kutoka Taiwani. Lilikuwa bahasha nene yenye kitabu cha picha za kompyuta mpya, na barua fupi ya Kiingereza ya mistari mitatu. Boaz hakumwonyesha mkewe. Alilipeleka kibarazani kwa injinia wake.

Sikujua aliishika barua ile muda mrefu. Siku zile alikuwa amekwisha kusoma kijitabu nusu, na mara mbili alikuwa amekwenda kwa Melania kuuliza, kichwa wazi, na kujibiwa. Ungedhani amebadilika. Lakini mtu akisema sijui mara moja kwa mwanamke mmoja upenuni, anaweza kuona imetosha kwa maisha.

"Wanasema wanashukuru," alisema. "Na wanasema zipo mashine mpya."

"Na kitabu cha ukoo?"

"Hapo hawakufafanua." Alikunja barua. "Lakini kama kipo, kitakuwa kimeingia kwenye hizi mpya."

Boaz akanunua mpya. Alikitafuta kitabu ndani yake siku tatu, akakikosa, akaajiri karani wa kumtamkia upya. Safari hii ntemi alikuwa na meli ziwani. Ile ya zamani akamwachia mkewe, maana haikuwa na heshima tena. Melania aliichukua hivyohivyo na skrubu mbili pungufu, akapanga chumba kinachotazama barabara, akaanza kuchapa kwa malipo na kutengeneza kompyuta za watu, ambazo mwaka uliofuata zilianza kuonekana mjini moja moja.

Sikujua alizoea kupitia pale alasiri. Alifundishwa kutoa nakala kwanza, kabla ya kugusa chochote, na alipokosea alirudishwa mwanzo. Kama kuna mtu mwingine chumbani hakuuliza, alisubiri atoke.

Siku moja aliwasili akiwa na redio ya mteja kwapani, akakuta afisa mmoja wa misitu ameketi kwenye benchi na kompyuta ya ofisi yake imefunguliwa mezani. Melania alikuwa anamalizia. Afisa alikuwa amefika saa nne asubuhi, akaulizia fundi, akaambiwa na Melania kwamba fundi ndiye huyo anayezungumza naye, akasema hakuna neno, atasubiri. Alikuwa amesubiri saa tano huku mashine yake ikitengenezwa mbele ya macho yake.

"Shikamoo, fundi," afisa alisema, akiinuka kwa unyenyekevu. "Naona imewaka. Nashukuru sana."

Sikujua alimtazama Melania. Melania alikuwa anafunga skrubu ya mwisho, wala hakuinua kichwa.

"Marahaba," Sikujua alisema, akapokea mkono. "Karibu tena."